Simu Kutoka Junagadh

Siku ya tisa tangu nirudi Texas, Jumamosi ya katikati ya mwezi wa sita mwaka 2019, Melkiori aligonga mlango wa Wacuka saa moja na nusu asubuhi. Nilimjua kwa namna alivyogonga. Kwa miaka miwili aligonga mlango wangu hivyo hivyo kila Ijumaa: mara mbili, kimya, halafu mara moja tena, kama mtu aliyesahau kitu.

Wacuka alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu hospitalini, bado amevaa sare yake ya unesi. Ni Mkenya, rafiki yangu tangu nilipoingia Texas, na ndiye aliyenipokea kwake Euless niliposhuka na begi langu la mgongoni na kichwa kisicho na nywele. Alichungulia kwenye kitundu cha mlango, akanigeukia.

“Ni yeye. Aki Kidawa, huyu mtu amekonda. Nimfungulie ama nimwambie ulihama?”

“Mwambie nimekufa.”

“Hiyo siwezi kusema. Amebeba maua.”

Kabla sijaamua nicheke au nilie, alishafungua.

Melkiori alisimama kizingitini na fulana yake ya kazini, ya ghala la mizigo pale karibu na uwanja wa ndege. Maua yalikuwa bado kwenye plastiki ya dukani. Macho yake yalianzia miguuni kwangu, yakapanda taratibu kama mtu anayehesabu ngazi, yakafika kichwani, yakagota. Zamani alikuwa akipenda kunisuka ovyo ovyo tukiangalia televisheni, halafu ananicheka. Sasa hapakuwa na cha kusuka.

“Umekata nywele,” alisema. Baada ya miezi mitano na nusu, hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

“Sikukata. Zilinyonyoka.”

“Zilinyonyoka? Kwa nini?”

“Muulize mwanamke wako.”

Alinitazama kama nimemsemesha Kichina. Nami nilimtazama nikiutafuta uongo. Nimefanya kazi miaka minne kwenye ofisi ya bima kule Plano, kazi yangu ilikuwa kusoma madai ya watu na kumtambua anayedanganya. Usoni mwa Melkiori sikuona kitu zaidi ya usingizi uliokosekana.

“Mwanamke gani, Kida?”

“Aliyepokea simu yako tarehe tisa mwezi wa tatu.”

“Mimi sina mwanamke. Nina mtu mmoja tu, ambaye alini-block bila kuniambia nimekosa nini. Nimekuandikia email mpaka nikaona aibu. Nimemsumbua Wacuka mpaka ameacha kunijibu.”

“Hiyo ni ukweli,” Wacuka alisema kutoka jikoni. “Amenisumbua vibaya sana.”

“Kaa chini,” nikamwambia. Akakaa, maua mapajani. Nikamweleza kitu ambacho hata Wacuka nilikuwa nimemweleza nusu nusu.

Desemba ya mwaka uliopita ofisi yetu ilipunguza watu, ikaondoa idara yangu nzima. Wenzangu walianza ku-apply kazi siku ile ile. Mimi nilinunua begi la mgongoni. Tangu nikiwa shule Korogwe nilitamani kuiona India na Ulaya kwa miguu yangu mwenyewe, bila kundi, bila shangazi wa kunichunga. Jioni ya kuamkia safari Melkiori aliniuliza kama nitakubali kuwa mke wake. Yeye ni Mkatoliki wa Kibosho, mimi ni Muislamu. Nilimuuliza swali moja tu: umemwambia mama yako? Akasema ameshamwambia. Nikamwambia, basi nikirudi nitakupa jibu. Moyoni jibu nilishakuwa nalo. Kutoka Delhi hadi Udaipur, kila hosteli niliyolala ilikuwa na fomu yenye nafasi ya mtu wa kupigiwa simu likitokea la kutokea, na kila fomu niliandika jina lake na namba yake.

Mwanzoni mwa mwezi wa tatu nilifika Gujarat, nikaingia kwenye hosteli ndogo mjini Junagadh. Nikaanguka kwa taifodi. Simu yangu ilikuwa imeibiwa kwenye treni siku mbili kabla. Mwenye hosteli alinibeba kwenye bajaji yake mpaka hospitali, akawapa ile fomu. Siku ya tatu nilipofumbua macho, nesi mmoja aitwaye Hansaben alikuwa amekaa kitandani kwangu, ameshika mkono wangu, na uso wake ulikuwa wa mtu mwenye habari mbaya.

“Aliniambia, ‘Dada, tumewapigia watu wako Amerika. Mwanamke amepokea. Tumemtajia jina lako lote, tumemwambia hali yako ni mbaya. Amesema hatumjui mtu huyo, akakata.’”

Melkiori aliyashika maua kwa mikono miwili.

“Nikamwambia Hansaben arudie. Akarudia. Nikamwambia labda mmekosea namba. Akanionyesha karatasi. Ilikuwa namba yako, Melkiori. Tarakimu kwa tarakimu.”

Wacuka alikuwa ameacha kuosha vyombo. Niliiona rangi ya Melkiori ikibadilika mbele yangu, kuanzia midomoni. Aliyaweka maua chini, akainama, akashika kichwa.

“Ilikuwa saa ngapi?” aliuliza bila kunitazama.

“Saa tatu usiku huko.”

“Saa tatu na nusu asubuhi huku.” Alikuwa akihesabu kwa vidole. “Tarehe tisa, Jumamosi. Nilikuwa Houston. Ulikuwa ubatizo wa Queen, mtoto wa dada Joyceline. Simu niliiacha jikoni kwake inachaji, nikaenda kuchukua barafu na viti.”

Akainua uso, na macho yake yalinitisha.

“Kida, wakati ule jikoni alikuwepo mtu mmoja tu.”

Wacuka alitokea na taulo mkononi. “Ngoja. Huyo Joyceline si ni nesi?”

“Ni nesi.”

“Nesi anapigiwa simu kutoka hosi, anaambiwa kuna mgonjwa mahututi, anasema hamjui?” Aliishusha taulo. “Mimi hata wakikosea namba, nauliza kwanza mgonjwa anaendeleaje. Hiyo haiwezekani.”

Melkiori alisimama. “Vaa viatu, Kidawa. Twende Houston.”

“Mimi na wewe, saa nne kwenye gari moja? Mpigie simu.”

“Nikimpigia atapata muda wa kutunga. Nataka nimuulize nikiwa namtazama, na wewe ukiwa umesimama pale pale.”

Nilivaa viatu. Mpaka leo sijui kama nilivaa kwa hasira au kwa sababu alisema “twende”, neno ambalo nilikuwa nimelikosa kwa miezi.

*

Tuliiacha Dallas nyuma, barabara ya 45 ikanyooka mbele yetu na joto lake. Nilijifanya naangalia malori, lakini mikono yake kwenye usukani nilikuwa naiona. Kuna kovu dogo kwenye dole gumba la kushoto, alilolipata akinifungulia kopo la samaki. Nililitazama, nikageuza uso, nikalitazama tena.

Karibu na Corsicana akasema, taratibu, “Niambie huko kulikuwaje. Kabla ya kuugua. Nilikuwa nangoja uje unihadithie.”

Nilikusudia kumnyima. Lakini nilikuwa sijamhadithia mtu yeyote, na maneno yalikuwa yamenijaa.

“Kule wananitazama,” nilisema. “Hivyo ndivyo ninavyoweza kukuambia. Delhi, siku ya kwanza tu, familia nzima stesheni ilipanga foleni kupiga picha na mimi. Mama mmoja akanipakata mtoto wake, mtoto akaniona, akapiga kelele kama ameona jini. Jaipur mwenye nyumba ya wageni alifungua mlango, akaniona rangi, akasema vyumba vimejaa. Funguo zote zilikuwa zinaning'inia nyuma yake. Halafu usiku huo huo kwenye treni, mzee mmoja nisiyemjua akaniachia kitanda chake cha chini, akakaa macho mpaka asubuhi miguuni kwangu ili asinisogelee mtu. Akanilisha na chapati za mke wake. Sikujua nilie kwa lipi.”

“Ulilia?”

“Nililia kwa yote mawili.”

Akatabasamu kidogo. Lile tabasamu la upande mmoja. Moyo wangu, ambao nilidhani nimeufunga, ukaruka bila ruhusa.

Nikamweleza juu ya Jambur. Ni kijiji kwenye mbuga za Gujarat, wanaishi watu wanaoitwa Wasidi, wazao wa Waafrika waliopelekwa huko zamani. Nilikuwa nimesoma habari zao, lakini kusoma si kuona. Nilishuka kwenye basi nikadhani homa, ambayo ilikuwa imeanza kunishika bila mimi kujua, inanichezea. Mbele yangu walisimama wajomba zangu wa Korogwe. Nywele zetu, pua zetu, mwendo wetu. Wakafungua vinywa, wakasema Kigujarati.

“Sikuelewa neno hata moja, Melki. Nikatoa salamu ya Kiislamu, wakaitikia kijiji kizima. Bibi mmoja akanishika nywele, akalia. Mjukuu wake akanifasiria: anauliza, mmekuja kutuchukua? Mamia ya miaka, na anauliza kama nimekuja kuwachukua. Jioni wakapiga ngoma, na wanaiita goma. Nilisema nikifika mahali penye simu nimpigie Melkiori, hakuna mwingine atakayeelewa. Siku iliyofuata nikaanguka.”

Alisogeza gari pembeni ya barabara. Akazima injini. Alikaa ameshika usukani, mabega yakimtikisika, wala hakujaribu kunigusa. Malori yalipita yakitutikisa.

“Na Ulaya?” aliuliza mwishowe, sauti ikiwa imekwaruza. “Kwa nini hukurudi?”

“Kurudi kwa nani? Tiketi ya Roma nilikuwa nayo tayari. Hansaben alinikalisha kwao wiki tatu, mama yake ananilisha uji wa mchele, nywele zinabaki kwenye mto kila asubuhi. Halafu nikaenda. Na Ulaya, Melkiori, hakuna anayekutazama. Kutoka Vienna mpaka Berlin nilikaa ana kwa ana na mwanaume mmoja, magoti yetu karibu yagusane, hakuniambia hata habari. Treni iliposimama akanishushia begi langu, akanitakia siku njema, akaenda zake. Mwezi wa Ramadhani nilifunga Berlin, jua linazama saa tatu usiku. Mturuki mmoja mwenye duka la chakula alizoea kuniwekea bakuli la supu ya dengu kabla sijaagiza. Hakuniuliza jina. Sikukuu ya Iddi niliswali Lisbon, kwenye uwanja wa wazi kati ya wanawake wa Guinea na Bangladeshi, wakanikumbatia wote. Na kila mahali pazuri nilipofika, lile neno la simu lilikuwa limefika kabla yangu.”

Akawasha gari. “Kama ni kweli ni yeye,” alisema, “sitakuwa na dada tena.”

*

Joyceline anaishi Alief, mtaa wa Houston, nyumba ya matofali iliyo nyuma ya duka la vyakula vya Kiafrika. Nilikuwa nimewahi kufika hapo mara moja tu, na Melkiori alinitambulisha haraka haraka mlangoni kisha tukaondoka. Alipofungua mlango alikuwa amempakata Queen begani, harufu ya ndizi na nyama ikitoka jikoni.

“Melki! Mbona hukusema unakuja?” Kisha akaniona mimi nyuma yake. Tabasamu likabaki usoni lakini macho yakaacha kutabasamu. Yakapanda kichwani kwangu, kwenye vijinywele vilivyoanza kuota kwa mabaka. Yakakaa hapo muda mrefu.

“Shikamoo, dada,” nilisema.

Hakuitikia. Alisema, kwa sauti ndogo ya kinesi, kama mtu anayejisemea, “Taifodi ndivyo inavyofanya. Zitaota tena.”

Melkiori alikuwa bado ameshika kitasa cha mlango.

“Nani amekwambia ni taifodi?” aliuliza.

Joyceline alitutazama mmoja baada ya mwingine. Niliona alivyogundua alichokisema. Alirudi nyuma hatua mbili tatu, akakaa kwenye kochi na mtoto kifuani.

“Dada, nimekuuliza. Sisi hatujasema neno. Nani amekwambia?”

“Nesi,” alisema. “Nesi wa India. Aliniambia siku ile.”

Nilikuwa nimekuja saa nne za barabara kutafuta jibu hilo, na lilipotoka halikunipa nafuu yoyote. Nilidhani ningepiga kelele. Nilisimama tu kwenye zulia lake, nikiwa na kiu.

“Alisema jina lake?” Melkiori alikuwa anasogea. “Alisema jina lote, Kidawa Shekigenda?”

“Alisema.”

“Alisema ana hali mbaya?”

“Alisema hawajui kama atafika asubuhi.” Machozi yalianza kumtoka, hakuyafuta. “Nyumba ilikuwa inajaa wageni, padri yuko njiani. Nikasikia hilo jina, nikajua ni yule binti Muislamu. Nikasema moyoni, Mama akijua litamuua. Ilinitoka, Melki. Sekunde tano. Halafu nikafungua simu yako kwa namba yako ya siri, mwaka aliokufa Baba, nikaifuta ile namba ili usiione.”

“Na wewe ni nesi!”

“Unafikiri sijui kwamba ni nesi?” alipiga kelele, na Queen akashtuka akaanza kulia. “Usiku ule ule niliingia zamu. Kila kitanda nilichofika namkuta yeye. Kesho yake nikataka kupiga, namba nimeshaifuta. Nikapiga hospitali tatu za Junagadh nilizoziona mtandaoni, hawanielewi, siwaelewi.”

Melkiori alimnyooshea kidole. “Kuanzia leo, mtu akinipigia akasema dada yako anakufa, nitamwambia mimi simjui.”

“Melkiori!” Nilijishtukia nimemshika mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu nirudi. “Usiseme hivyo. Wewe hujui neno hilo linavyomkaa mtu.”

“Unamtetea?”

“Simtetei. Nataka anijibu. Dada, ulinichukia nini?”

Joyceline alinitazama moja kwa moja kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho yale yale ya kaka yake, na hilo liliniuma.

“Sikukuchukia, mdogo wangu. Ningekuchukiaje? Sikukujua. Nilikosa, na kosa langu nitakufa nalo. Lakini ile simu nilisema hatumjui, na kwenye ukoo wetu mzima hakuna aliyekuwa anakujua. Muulize huyu. Alikuleta hapa mara moja akasema ni rafiki wa kazini. Nilijua tu kwa jinsi alivyokuwa anakutazama. Mama hajawahi kulisikia jina lako likitoka mdomoni mwake. Hata siku moja.”

Nilimgeukia Melkiori. Nilikuwa bado nimemshika mkono.

“Uliniambia umeshamwambia Mama.”

Aliangalia zulia.

“Jioni ile. Kabla sijaondoka. Nilikuuliza swali moja tu, ukanitazama usoni.”

“Niliogopa,” alisema. Mtu mzima wa miaka thelathini na nne, sauti yake ilikuwa ya mtoto. “Niliona utakaa miezi mingi, nitapata muda wa kumwambia polepole. Halafu ukanyamaza. Nikaona hakuna haja tena.”

Nikaachia mkono wake. Mimi, mtaalamu wa kuwatambua waongo! Nilikuwa nimeenda mpaka upande wa pili wa dunia nikiandika jina la mtu kwenye fomu, na kwao mimi sikuwepo. Hansaben hakuwa amepewa jibu la uongo kabisa. Hilo ndilo lililonipiga kuliko taifodi. Nilianza kutafuta mlango.

“Kidawa, ngoja.”

“Nitapanda basi la Dallas. Usinifuate.”

“Ngoja dakika moja tu. Dakika moja, halafu nitakupeleka mwenyewe kituoni.” Alikuwa ameshatoa simu mfukoni. Vidole vyake vilikuwa vinakosea namba.

Joyceline aliinuka haraka. “Melki, usimpigie Mama! Nakuomba. Ngoja kwanza nikueleze kitu—”

“Umeshaeleza vya kutosha.”

Ilikuwa saa saba kasoro mchana, saa tatu kasoro usiku Kibosho. Aliweka spika. Simu ikaita mara tano, halafu ikaja sauti ya mwanamke mzima, nzito, isiyo na haraka.

“Melkiori?”

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo? Kuna nini?”

“Mama, kuna mtu nataka kukwambia habari zake. Nilipaswa kukwambia miaka miwili iliyopita.” Alifunga macho. “Ni mwanamke ninayempenda. Nataka kumuoa. Anaitwa Kidawa, kwao Korogwe. Ni Muislamu, Mama.”

Kule alisikika mbwa akibweka mbali. Joyceline alikuwa amejifunika uso kwa nguo ya mtoto.

“Huyo,” sauti ilisema hatimaye, “ndiye yule binti aliyelazwa India?”

Melkiori alifungua macho. Alimtazama dada yake, akaitazama simu kama imemuuma.

“Mama... wewe umejuaje?”

“Nimejuaje? Si dada yako alinipigia Alhamisi Kuu analia, ameshindwa kwenda kanisani. Akaniambia alilofanya. Nilimgombeza kwa maneno ambayo sijawahi kumwambia mtoto wangu yeyote. Nikamwambia, kabla ya Pasaka umwambie mdogo wako. Akaniapia ameshakwambia. Sasa mimi nakaa hapa, Pasaka imepita, Pentekoste imepita, najiuliza mwanangu mbona hanipigii. Nikasema labda yule binti amekufa, na Melkiori ameshindwa kusema.” Sauti ilikatika. “Joyceline hakulikumbuka jina lake vizuri. Nimemuombea misa tatu kwa jina la yule mgonjwa wa India. Yuko hai?”

“Yuko hai, Mama. Yuko hapa.”

“Mpe simu.”

Alininyooshea. Mikono yetu yote miwili ilikuwa baridi katika joto lile la Houston. Nilitaka kusema sina la kuongea naye. Midomo yangu ikasema, “Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umepona?”

Kwa miezi mitatu watu wengi walikuwa wameniuliza hilo, na nilimjibu kila mmoja. Kwa huyu nilishindwa. Nilitikisa kichwa kama anaweza kuniona, nikalia kwa sauti, kilio ambacho sikukilia kule hospitali wala Berlin wala popote. Alinisubiri. Hakuniambia ninyamaze.

“Nisikilize,” alisema nilipopata pumzi. “Mambo ya dini ni mazito, na sitakudanganya kwamba nimefurahi. Tutaongea, nitamuona na padri, na wewe una wazee wako watakuwa na yao ya kusema. Sijui litaishia wapi. Lakini mtu yuko kitandani anaumwa, anatajwa kwenye nyumba yangu, inasemwa hatumjui? Hilo naliomba radhi mimi. Mimi mwenyewe. Umesikia?”

“Nimesikia, Mama.”

“Nitajie jina lako lote.”

“Kidawa Shekigenda.”

Alilirudia. Akakosea mwisho wake, akaniuliza, nikamrekebisha, akalirudia tena sawasawa.

“Haya. Sasa mwambie Joyceline aache kulia apakue chakula. Na huyo Melkiori mwambie nitaongea naye kesho peke yake, ajiandae.”

Simu ikakatika. Queen alikuwa amelala katikati ya kelele zile.

Joyceline alinijia taratibu, akapiga magoti pale kwenye zulia, mwanamke mkubwa kwangu kwa miaka kumi. Sikuwa na neno la msamaha, na sikutaka kulitunga. Nilimshika kiwiko, nikamuinua, kwa sababu sikuweza kumwangalia akiwa chini. Hilo ndilo nililoliweza siku ile. Kusamehe kulikuja baadaye, na hakukuja kwa mara moja.

Melkiori alikuwa amesimama karibu na dirisha. “Nikupeleke kwenye basi?” aliuliza. Alikuwa anamaanisha. Niliona kwamba ningesema ndiyo angechukua funguo bila kubisha.

Nilimtazama. Mwoga. Mwongo, mara moja, na uongo mkubwa. Na mtu ambaye, dakika kumi zilizopita, alikuwa amelitamka jina langu mbele ya mama yake.

“Niliulizwa swali mwezi wa kwanza,” nilimwambia. “Sitakujibu leo. Uliniuliza ukiwa umenidanganya, kwa hiyo lile swali limekufa. Utakwenda kwa baba yangu mdogo kule Plano, utamwambia kila kitu, na hili la leo pia. Akikufukuza, utarudi tena. Halafu ndipo utaniuliza upya.”

“Na ukikataa?”

“Nikikataa nitakukatalia usoni. Sitakwambia kwa kunyamaza. Hilo nilikosa mimi.”

Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini hayakukimbia. “Nitakwenda kesho.”

“Kesho unaongea na mama yako.”

“Basi Jumatatu, nikitoka kazini.”

Joyceline alikuwa ameanza kupanga sahani mezani, bila kelele. Alizipanga tatu, akasimama akinitazama, hajui kama anapaswa kuondoa moja.

Nilivuta kiti, nikakaa.